Usukani Ndani ya Foronya

Mpendwa mshauri,

Kabla sijakuomba msaada acha niliseme jambo lenyewe, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu: kompyuta ambayo wanangu wananinunulia vipuri, kila mmoja kipuri chake, ili baba yao aandike historia ya ukoo kabla hajafa, si ya kuandikia historia ya ukoo. Ni ya kuchezea gemu.

Nimeshasema. Sasa naweza kupumua, ingawa kupumua kwenyewe siku hizi ni kama kibarua, leo kipo, kesho sijui. Nina miaka themanini na mitatu, moyo wangu umechoka, miguu inavimba, na kutoka kitandani hadi dirishani napumzika mara mbili, kwanza kwenye kiti, halafu kwenye kabati. Daktari aliponieleza hali yangu alikuwa anatazama viatu vyake, na mimi niliyezeeka nikisoma nyuso za walimu wasioandaa somo sikuhitaji kuuliza zaidi.

Kazi yangu ilikuwa ukaguzi wa shule, na kila mwisho wa mwaka nilikuwa msahihishaji mkuu wa mitihani ya hisabati, na hapa ndipo aibu inapoanzia, kwa sababu ni mimi niliyeandika waraka wa kupiga marufuku michezo ya betri shuleni, kurasa nne nzima, nikasimama mbele ya wanafunzi wasiohesabika nikiwaambia kwamba gemu huozesha akili kama sukari inavyoozesha meno. Mwanangu mkubwa nilimnyang'anya kigemu chake cha mkononi, kile cha matofali yanayoshuka, alipokuwa darasa la saba, nikakitumbukiza chooni. Leo ana miaka arobaini na saba, ni mfamasia, ndiye anayenipangia vidonge vyangu kila asubuhi, na hajawahi kunitania juu ya jambo hilo hata siku moja, wakati mengine yote ananitania.

Sasa ilikuwaje. Nilikuwa kwenye foleni ya kliniki, jirani yangu kwenye benchi anaangalia video ya gemu kwenye simu yake, nikachungulia kama mtu asiye na adabu, nikaona lori kubwa linakwenda kwenye barabara ndefu, mvua inanyesha, waipa zinafagia kioo. Nikamuuliza ile barabara inafika wapi. Akasema, "Haifiki popote, mzee. Unaendesha tu."

Mshauri, sijui kama unaelewa neno hilo linamfanya nini mtu ambaye safari yake ndefu kuliko zote ni ya kutoka kitandani hadi kabatini. Nimezunguka kwenye gari la idara miaka ishirini na saba, tope, vumbi, madaraja ya magogo, na miaka yote hiyo nilikaa kiti cha abiria, kwa sababu kanuni zilimkataza mkaguzi kushika usukani. Yule jirani akanieleza kwamba gemu ile ni nzito, inataka kompyuta yenye nguvu, na kwamba wanaojua hawanunui iliyokwisha kuundwa, wanachagua vipuri wenyewe na kuviunganisha. Nilirudi nyumbani nikiwa na miaka kumi na miwili.

Nikawaita wanangu, nikawaambia nina historia ya ukoo kifuani na kompyuta za kawaida hazitaweza. Hazitaweza nini, hakuna aliyeuliza. Binti yangu kitindamimba alilia. Dada yangu alifika kesho yake na daftari la vizazi saba, ambamo yeye mwenyewe anatokea karibu kila ukurasa akiwa amemwokoa mtu. Hadi leo nimeandika ukurasa mmoja, na nusu yake ni kichwa cha habari.

Mtu mwenye akili anayeunda kompyuta yake ya kwanza huuliza wanaojua. Mimi nilisahihisha. Nilimwomba fundi wa kompyuta wa mtaani kwetu, mama mmoja mwenye duka dogo na bisibisi iliyoning'inia shingoni, aniletee orodha za vipuri na sifa zake, nikachukua karatasi ya miraba na kalamu nyekundu, nikavipanga vipuri kama watahiniwa, kila aina darasa lake: darasa la prosesa, maana ndiyo ubongo, darasa la bodi, ile sahani pana ambayo kila kitu huchomekwa juu yake, darasa la kadi za picha, darasa la kumbukumbu, hadi darasa la feni. Juu ya safu nikaandika ninachopima, yaani kasi ya gemu, uzuri wa mvua, joto na kelele, kisha nikatoa alama na maoni kama zamani. Feni moja niliiandikia "ana bidii lakini anawasumbua wenzake". Kadi moja ya picha, "uwezo mkubwa, ila anakula kupita kiasi". Diski moja nusura niifanye kiranja. Sikuwa nimefurahi hivyo tangu nistaafu, na siku mbili nilisahau vidonge vya mchana.

Katika kila darasa nikamchukua aliyeshika namba moja. Fundi sikumwonyesha nilichochagua, kwa sababu mkaguzi haonyeshi alama kabla ya matokeo kutangazwa. Nikaandika vikaratasi, nikagawa. Mfamasia akapata bodi na kadi ya picha, kitindamimba, ambaye ni mpima ardhi, akapata prosesa, wengine wakagawana kasha, feni na vilivyobaki. Mfamasia alisoma kikaratasi chake mara mbili, akasema, "Baba, historia ya ukoo haihitaji kadi kama hii. Kadi hii ni ya vita." Nikamwambia kulikuwa na vita katika ukoo.

Jumapili mchana wakaja wote. Mke wangu alitandika shuka jeupe kwenye meza ya sebuleni, utadhani ni upasuaji. Fundi akaweka bodi, akafungua kifuniko kidogo cha soketi, akaishika prosesa kwa kingo, akaishusha, akaipandisha, akaigeuza, akaishusha tena, halafu akavua miwani. Alisema bodi ile imetengenezewa prosesa za kampuni nyingine, na hizo mbili hazikai pamoja hata ukizibembeleza.

Kisha mfamasia akasema yeye alinunua kilichoandikwa. "Kazi yangu ni kusoma mwandiko wa madaktari," alisema. "Siwezi kushindwa na wa Baba."

"Na mimi napima kabla ya kukata," dada yake akamjibu. "Wewe kaka ndiye unayekosa dawa iliyoandikwa, ukampa mtu inayofanana nayo."

Kutoka hapo waliacha kompyuta wakahamia mambo ya miaka kumi nyuma, nani alichelewa hospitali Mama alipolazwa, nani alipokea simu na nani hakupokea. Mwishowe wote wawili wakanigeukia, maana mimi ndiye ninayejua nilichoandika. Mshauri, ilikuwa ni kusema maneno matatu. Mimi nikasema, "Nipeni vikaratasi vyenu, nitachunguza nani amekosea."

Leo ni wiki ya tatu nachunguza. Vikaratasi viko chini ya godoro pamoja na karatasi ya alama, na ukiviweka viwili vile sambamba hata kipofu ataona kwamba kila mmoja alinunua sawasawa nilichomwagiza. Mfamasia sasa anakuja asubuhi, anapanga vidonge huku akitazama saa, na mpima ardhi anakuja jioni. Juzi walikutana getini kwa bahati mbaya, mmoja akabaki ndani ya gari akijifanya anaongea na simu, na simu yenyewe ameishika juu chini. Mke wangu ananiuliza uchunguzi umefika wapi, nami namjibu unaendelea vizuri.

Siwezi kukiri kosa bila kutoa karatasi ya alama, na siwezi kutoa karatasi ya alama bila watu kusoma safu ya "uzuri wa mvua". Kibaya zaidi, nimekwisha kuagiza usukani wa gemu, nimeuvika foronya na kuuficha chini ya kitanda. Mikono yangu inatetemeka, kikombe sikiwezi bila mtu kunishikia, lakini vidole gumba bado vinajua kazi yake, na nilitaka kabla ya safari ile nyingine niendeshe hii.

Naomba uniambie: nife na siri yangu, wanangu wabaki wamenuniana kwa kosa langu, au niseme, nionekane mzee aliyerudi utotoni na mnafiki juu yake? Tafadhali ubadilishe kidogo habari zangu, kwa sababu mke wangu husoma safu yako ya gazetini kwa sauti kila Jumamosi huku akikunja nguo, nami niko hapo hapo kitini. Barua hii anaipeleka muuguzi anayekuja kunipima presha, na jibu naomba lipite kwake.

Wako,
Mkaguzi Mstaafu

*

JIBU LA MSHAURI

Mzee wangu, shikamoo. Nimetanguliza shikamoo kwa sababu baada ya hapo heshima itapungua kidogo, na sitaki useme sikulelewa.

Nimecheka barua yako hadi wenzangu ofisini wakaja kuuliza kuna nini. Nimecheka kwa kadi ya vita, nimecheka kwa feni inayosumbua wenzake. Nilipofika kwenye simu iliyoshikwa juu chini sikucheka tena. Mwanamke mzima, mwenye kazi yake na heshima zake, amejificha ndani ya gari mbele ya lango la wazazi wake asikutane na kaka yake. Au ni kaka aliyejificha, hukusema. Vyovyote, aliyemfungia humo ni wewe, na ufunguo umeulalia.

Tuanze na gemu, maana hilo ndilo unaloliogopa na ndilo dogo. Una miaka themanini na mitatu na unataka kuendesha lori kwenye mvua. Endesha. Nani atakukamata? Ulipiga marufuku gemu, sasa unazitaka, basi ulikosea wakati ule, na kukosea huko andika ukurasa wa pili wa historia yako, utakuwa umeongeza kurasa kwa asilimia mia. Mnafiki ni yule anayeficha ili aendelee kuwanyang'anya wengine. Wewe umeshastaafu kunyang'anya.

Kosa lako ni lile la maneno matatu. Ulikuwa umekaa pale, akili yako timamu, ukijua mwandiko ni wako na uchaguzi ni wako, ukawaacha wanao wagombane, kisha ukajiteua mwenyekiti wa tume ya kuchunguza kosa lako mwenyewe. Mwalimu mkuu angefanya hivyo shuleni kwake ungemwandikia ripoti ya namna gani? Unaijua. Iandike basi, ujipe na alama.

Nami sikuachii hapo, mzee, kwa sababu nimekaa kwenye kiti hiki muda mrefu na barua nazisoma mara mbili. Unajua mkeo ananisoma kwa sauti. Unajua utakuwa hapo hapo kitini. Bado umeniandikia mimi, badala ya mhariri wa ukurasa wa teknolojia ambaye angalau anajua soketi ni nini. Wewe hukutafuta ushauri, ulitafuta mtu wa kukusemea, ili Jumamosi mama asome, asimame katikati, akutazame, nawe uinamishe kichwa, mambo yaishe bila wewe kufungua mdomo. Sikusemei. Na habari zako sizibadilishi hata nukta. Jibu hili nalipitisha kwa muuguzi siku kumi kabla, na barua yako itatoka gazetini kama ulivyoiandika. Una siku kumi za kufika kabla ya gazeti.

Fanya hivi. Mwambie mkeo kwanza, leo, kabla hajakupa chai. Kisha waite wale wawili kwa saa moja ile ile, na yeyote akikuuliza kama mwenzake atakuwepo usidanganye, umeshadanganya vya kutosha kwa mwaka huu. Weka vikaratasi viwili mezani na karatasi ya alama katikati. Sema kosa ni langu kabla hujasema neno lolote la gemu. Wala usianze na moyo wako. Mtu akianza na moyo wake mbovu watoto hawawezi kumkasirikia, na hawa wana haki ya kukasirika kwanza. Waache wakasirike mpaka wamalize, huruma itakuja yenyewe bila kuitwa. Bodi na prosesa mpe fundi, yeye ndiye achague kipi kibadilishwe, na safari hii muulize mtu anayejua kabla hujatoa alama. Namba moja wa kila darasa ukiwaweka chumba kimoja si lazima waelewane. Hilo ungepaswa kulijua siku nyingi, una watoto.

Dada yako naye mwandikie kurasa zake tatu. Amewaokoa watu wengi, anastahili.

Jambo la mwisho. Umeniambia kwamba vidole gumba bado vinajua kazi yake. Kazi gani, mzee? Kalamu nyekundu haishikwi kwa vidole gumba viwili, na lori la kwenye simu uliliona kwa macho tu. Mtu hajui kazi ambayo hajawahi kuifanya. Kuna kitu hukunieleza. Mimi si lazima unieleze, ila nadhani yupo unayepaswa kumweleza, na nadhani ndiye anayekupangia vidonge.

Haya, amka. Pumzika kwenye kiti, pumzika kwenye kabati, kisha nenda kaseme.

*

BARUA YA PILI YA MKAGUZI

Mpendwa mshauri,

Nimekuwahi kwa siku nne. Tafadhali uiweke barua hii chini ya jibu lako, ili mke wangu akisoma Jumamosi awe na mwisho wa kusoma, maana hapendi habari zisizokwisha.

Nilimwambia yeye kwanza kama ulivyoagiza, ila baada ya chai, kwa sababu sikuwa na nguvu kabla ya chai. Nilieleza yote, gemu, alama, vikaratasi, na mwishowe nikamwomba ainame atazame chini ya kitanda. Hakuinama. Alisema, "Ule usukani? Mwezi wa tatu huu naufagilia pembeni."

Nikamuuliza kwa nini hakusema kitu. Akasema alidhani nanunua gari kipande kipande, nimeanza na usukani, na aliona huruma kuniuliza magurudumu nitayaficha wapi. Halafu akanitandika kofi la bega, dogo, la mtu anayejua nina presha, akasema lile halikuwa la gemu, lilikuwa la wiki tatu za watoto.

Wale wawili walikuja Alhamisi saa kumi. Walikaa mbali kadiri sebule yetu inavyoruhusu. Nikaweka vikaratasi mezani, na karatasi ya miraba katikati, nikasema kosa ni langu, kila mmoja alinunua nilichomwandikia, nami nilijua tangu dakika ile fundi alipovua miwani.

Mfamasia alivichukua vikaratasi, akavisoma kama anavyosoma cheti cha dawa, polepole, kidole chini ya mstari. Kisha akasema, "Wiki tatu, Baba." Hakupandisha sauti. Akasimama, akaenda dirishani, akatupa mgongo, na nilikuwa karibu kukohoa kidogo, mshauri, kikohozi cha kusaidia mambo, nikakumbuka ulichosema nikakimeza.

Dada yake alikuwa bado kwenye karatasi ya miraba. Alisoma safu moja moja hadi akafika kwenye ile unayoijua. "Kwa hiyo huu uzuri wa mvua," aliuliza, "ndiyo historia ya ukoo?" Nikasema ndiyo, sura ya kwanza. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho, akampelekea kaka yake karatasi pale dirishani, akamwonyesha feni inayosumbua wenzake, akamwambia, "Huyu ni wewe, ripoti ya darasa la tano, neno kwa neno." Mabega ya mfamasia yakatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, au yote mawili, sikusogea kuhakikisha.

Waliondoka pamoja na bodi ndani ya boksi lake, wakaenda kwa fundi kwa gari moja, wakarudi na bodi nyingine. Fundi aliniambia kwamba ile niliyoiacha ya tatu kwenye orodha, niliyoiandikia "wastani, hana makuu", ndiyo inayokaa na prosesa yangu kama wamezaliwa pamoja. Walifunga vyote Jumamosi mchana juu ya shuka lile lile. Prosesa ilishuka kwenye soketi bila kusukumwa. Kadi ya vita iliingia. Fundi akanipa mimi nibonyeze swichi, feni zikaanza kuzunguka, na ile niliyoichagua kwa utulivu wake ilikuwa tulivu kweli, hilo nilisahihisha vizuri.

Usukani haukuwa umeunganishwa bado. Fundi, ili kujaribu mashine, akaweka kigemu kidogo cha zamani kilichomo bure, akanikabidhi kile kidude cha kushika kwa mikono miwili. Kilikuwa cha matofali yanayoshuka. Nilidhamiria kujifanya sijui. Lakini tofali la kwanza lilishuka, la pili likashuka, na vidole vyangu havikuniuliza. Niligeuza, nikasogeza, nikaangusha, mistari ikafutika minne kwa pamoja, na mikono, mshauri, haikutetemeka. Nilipoinua macho sebule nzima ilikuwa inanitazama, na mfamasia alikuwa amesogea hadi nyuma ya kiti changu.

"Baba," alisema, "umejifunzia wapi?"

Nilimwomba aniletee mkoba wangu wa ukaguzi kutoka juu ya kabati. Ndani yake kuna kalamu nyekundu zilizokauka, filimbi, na soksi moja ya sufu. Nikamwambia afungue soksi.

Kwako pia nilidanganya, mshauri. Nilikuandikia kwamba nilikitumbukiza chooni. Sikukitumbukiza. Alikitoa kwenye soksi akakishika kiganjani, cha kijivu, kitufe cha kushoto kimesagika hadi kimekuwa laini kama kokoto, na kilipokuwa chake kitufe hicho kilikuwa na mshale. Alipitisha kidole palipokuwa na mshale. Akakigeuza.

Nyuma yake kuna kipande cha plasta ya kidonda, kimekuwa rangi ya chai sasa, na juu yake kuna tarehe na tarakimu tano kwa wino mwekundu. Vigemu vile husahau kila kitu ukibadilisha betri. Kwa hiyo siku ile niliyomnyang'anya, kabla sijazima, niliandika alama iliyokuwa kwenye kioo, nikaibandika isije ikapotea. Niliibadilisha plasta mara nyingi. Tarakimu sikuzibadilisha.

"Hii ni alama yangu," mwanangu alisema.

Nikasema ndiyo.

Akavuta kiti akakaa karibu nami, magoti yake yakigusa yangu, akauliza sauti ya chini kama mtoto anayeuliza matokeo, "Na ya kwako ni ngapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia kwamba michana ile yote niliyojifungia chumbani, watoto wakikatazwa kupiga kelele kwa sababu Baba anasahihisha, nilikuwa naikimbiza alama yake, na kwamba kwa miaka thelathini na minne, mimi msahihishaji mkuu wa hisabati, sijaifikia hata mara moja.